Daftari la stoo: mwaka mmoja wa kufungua kabla ya kununua

4 Januari

Tumehama Tabata, tuko Kinyerezi. Kabati na vitanda vilipakiwa asubuhi moja. Kilichotushinda ni stoo. Miaka tisa ya ndoa ilikuwa imelala mle kwenye viroba, na kijana wa vyuma chakavu alikwisha kusogeza mkokoteni mlangoni. Nikamwambia asubiri nihesabu. Kazi yangu ni kushika vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hii ilikuwa imeshapotea, lakini habari zake nilizitaka.

Pasi 4. Blenda 3. Feni 2. Balbu 11. Chaja na waya zake 9. Saa za ukutani 2. Simu 3. Miavuli 5. Viatu vya shule jozi 6. Mabegi ya shule 2. Jumla 47. Usiku tulikaa na mume wangu tukakumbushana bei. Ukiacha simu, ni karibu shilingi 700,000, na karibu vyote havikufikisha miaka mitatu.

"Hii si orodha, ni msiba," akasema.

"Na rambirambi tumetoa sisi wenyewe."

Kijana aliondoka na vyuma vya miavuli tu. Vilivyobaki nimevizuia, na hapo ndipo mradi unapoanzia. Mwaka huu, kitu kikifa hapa nyumbani kinafunguliwa kwanza, nijue kilichokiua. Kipya hakinunuliwi mpaka siku saba zipite, na muuzaji ataulizwa: kinafunguka? Spea zake zinauzwa wapi? Chakula, dawa na madaftari ya watoto havihusiki. Sijifanyi mtakatifu wa mazingira. Ninajua tu kwamba viroba hivi vingeishia dampo la Pugu Kinyamwezi, na mwakani ningejaza vingine.

11 Januari

Nimepeleka pasi zote nne kwa fundi. Amenipa kiti nikae nitazame, jambo ambalo sikulitegemea, maana mafundi wengi hawapendi macho. Tatu ziliuawa na kitu kimoja: fyuzi ya joto, kidude kidogo kama haragwe. Kazi yake ni kukata umeme themostati ikigoma, ili pasi isichome nyumba. Ikishaungua hairudi. Bei yake haifiki nauli yangu ya kwenda na kurudi.

"Mama, wengine tunairuka tu, tunaunga waya moja kwa moja," fundi akaniambia. "Inawaka vizuri."

Inawaka, ndiyo, mpaka siku themostati ing'ang'anie na pasi iko juu ya godoro. Nikamwomba aweke fyuzi.

Kazi ilikuwa kuifikia. Skrubu za nyuma zina kichwa cha pembe tatu ambacho bisibisi ya kawaida haikishiki, na chini ya mfuniko kuna vibanio vya plastiki vilivyotengenezwa kuingia, si kutoka. Pasi moja ilivunjikia mikononi mwake. Zimefufuka mbili, pamoja na ile ya nne ambayo waya wake ulikatikia shingoni. Sasa tuna pasi tatu katika nyumba yenye meza moja ya kupigia pasi. Moja nimempa mdogo wangu, nyingine dada anayetusaidia kazi.

2 Februari

Blenda. Mbili ziliishiwa gia, kile kikombe cha mpira kinachoshika jagi na mota. Ukisaga karanga kavu au ukiiacha izunguke muda mrefu, meno ya mpira yanaliwa, mota inalia bure na visu havizungui. Mtu anadhani blenda imekufa, kumbe ni sawa na kutupa gari kwa sababu ya pancha. Ya tatu mota imeungua. Harufu yake ilitosha.

Kariakoo nilipata gia ya blenda moja kwenye duka la kwanza. Ile nyingine nilizunguka nayo mpaka adhuhuri. Ndiyo niliyoinunua ghali kuliko zote, yenye boksi zuri na udhamini wa mwaka mmoja, na kila muuzaji aliitazama kama mgeni aliyekosea msiba. "Hii hatujawahi kuiona." Ile ya bei ya chini, ambayo iko kwenye kila kibanda cha juisi mjini, gia zake zinaning'inia ukutani kwa kamba kama vitunguu.

Hili linanisumbua. Nilianza mradi nikiamini kwamba dawa ni kununua vya ghali.

(Mbuzi ya nazi ya mama, iliyonizidi umri, haijawahi kuja na udhamini. Jino likiisha makali linatiwa tupa.)

16 Februari

Feni iliyokuwa inataka kusukumwa na kidole ndipo izunguke: kapasita, kidude kinachoipa mota msukumo wa kuanza. Dakika kumi. Nilikuwa nimeiweka stoo miaka miwili.

9 Machi

Viatu vya shule. Hapa sikuhitaji kugundua kitu, nilihitaji kukumbuka. Baba alipokuwa akitununulia viatu vipya hatukuvivaa siku hiyo. Vilipita kwanza kwa fundi, soli ikashonwa kuzunguka kote kwa uzi mnene uliotiwa nta, kisha ndipo tukavijaribu. Sisi tukaacha, tukaona ni ushamba kupeleka kiatu kipya kwa fundi kama mgonjwa. Gundi ya kiwandani haivumilii matope ya masika wala mpira wa makopo. Soli ikishafunguka mdomo, maji yanaingia, na kinachofuata ni jozi nyingine.

Jozi mbili mpya zimeshonwa leo. Fundi ameniuliza kama nataka na kisigino cha tairi. Nimekataa kwa sababu mkubwa angenichukia. Ameshafikia umri wa kutazama miguu ya wenzake. Katambuga zilikuwa na hoja yake, lakini hoja hiyo siwezi kumbebesha mtoto wa darasa la sita.

Jozi sita za stoo: mbili zimeshonwa na kupewa watoto wa jirani. Nne plastiki ya juu imepasuka kwenye mkunjo wa vidole, na plastiki iliyopasuka haishoneki. Sindano inaongeza tundu tu.

27 Aprili

Kukiri. Mvua ilinikamata Buguruni nikanunua mwavuli, siku saba sikuzikumbuka hata kwa jina. Jumamosi iliyofuata nikanunua shelfu ya plastiki ya jikoni, nayo haikuwa mvua, ilikuwa hasira: nilikuwa nimegombana na bosi. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Shelfu ilipinda nilipopanga sahani safu ya tatu.

Mwavuli umebaki mzima mpaka leo, kwa hiyo nao nauandika.

Jikoni kitu pekee cha mwaka 2019 ambacho bado kinafanya kazi ile ile ni kikapu cha ukili nilichonunua mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni mwaka huo. Mshikio umeshonwa upya mara mbili.

18 Mei

Nilikuwa nimeshaandika aya ndefu ya kusifu sufuria nzito, zile zinazosubiwa hapa hapa nchini kutokana na alumini chakavu: pistoni, vipande vya injini, rejeta za magari. Mafundi wanayeyusha, wanamimina kwenye kalibu ya udongo, zinatoka sufuria za kupikia pilau la harusi ambazo mjukuu atazirithi. Kitu kinachotokana na taka, kinachotengenezwa jirani, kisichokufa. Nilidhani nimepata shujaa wa daftari hili.

Aya nimeikata. Watafiti waliopima sufuria za aina hii kutoka nchi kadhaa zinazoendelea, Tanzania na Kenya zikiwemo, walikuta baadhi yake zinaachia madini ya risasi kwenye chakula. Chakavu ni mchanganyiko. Anayeyeyusha hana namna ya kujua kilichokuwamo. Risasi haionekani wala haina ladha, na kwa watoto inaharibu ubongo kidogo kidogo. Vitu vichachu, yaani nyanya, ndimu na ukwaju, ndivyo vinavyoichokoa zaidi, na mchuzi gani wa kwetu hauna nyanya?

Kwa hiyo sufuria yetu kubwa sasa inachemsha maji ya kuoga. Mchuzi umehamia kwenye chungu cha udongo na sufuria moja ya chuma cha pua yenye tako nene, ambayo nilisubiri siku saba zote na bei yake bado iliniuma. Chungu kitavunjika siku moja, najua. Kikivunjika kitarudi kuwa udongo bila kumdhuru mtu.

6 Julai

Muheza, kwa mjomba. Cherehani ya marehemu bibi ilikuwa kwenye kibanda cha mbuzi, mjomba ameshapatana bei na mnunuzi wa chuma chakavu.

"Mjomba, shikamoo. Naiomba."

"Marahaba. Mwanangu, hiyo haizunguki. Utabeba kutu mpaka Dar?"

Nimebeba kutu mpaka Dar. Makonda alinilipisha nauli ya mtu.

13 Julai

Ni Singer nyeusi, maua ya dhahabu yamefutika. Ukipangusa kibati cha ubavuni unasoma 15K. Hiyo K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank, Uskoti. Kilifunguliwa mwaka 1885, kikafungwa 1980. Aliyeitengeneza hayupo, kiwanda hakipo, na bibi hayupo.

Gurudumu lilikuwa halitikisiki. Fundi mzee mmoja wa Kariakoo, ambaye maisha yake yote ni cherehani, aliitazama akacheka: "Haijafa hii. Imelala na mafuta mabaya." Mtu aliwahi kuitia mafuta ya kula, nayo yakikauka yanakuwa gundi. Alinipa masharti kama ya mganga: dondosha mafuta ya taa kwenye kila tundu la juu, ilaze, usilazimishe gurudumu, rudia kutwa mara tatu.

Siku ya kwanza, hakuna. Siku ya pili jioni gurudumu lilisogea upana wa ukucha. Nilimwita mume wangu aje aone, akaja na chai yake mkononi. Siku ya tatu lilizunguka duara zima, likatema uchafu wa rangi ya tumbaku. Kisha mafuta ya cherehani yenyewe, mepesi, matone mawili mawili.

20 Julai

Spea. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kuambiwa "hii hatujawahi kuiona". Nimerudi na kibweta cha bobini, bobini sita, springi ya kukazia uzi, mkanda wa ngozi na paketi ya sindano. Jumla 38,000. Duka la kwanza, na muuzaji hakuuliza cherehani ni ya mwaka gani.

Fundi alinieleza, na baadaye nikasoma mwenyewe. Baada ya vita kuu ya pili Wajapani walipotaka kutengeneza cherehani kwa wingi waliuchukua muundo huu huu wa Singer 15 wakaufanya kipimo cha wote, kiwanda chochote kitengeneze lakini spea ziingiliane. Wachina nao wakaushika. Butterfly tunazoziona kwenye kila baraza la fundi nguo, kuanzia Mbagala mpaka Kigoma, ni watoto wa ukoo huo. Ndiyo maana bobini iliyotoka Uchina juzi inaingia kwenye chuma cha Uskoti bila kupigwa tupa.

Hapo blenda yangu ya ghali ikanirudia. Uzito wa chuma ni kweli unasaidia. Lakini chuma kizito kisicho na spea ni jiwe tu. Cherehani ya bibi imeokolewa na waliomwiga aliyeitengeneza. Kama muundo ungebaki siri ya Clydebank, leo ingekuwa nondo kwenye ukuta wa mtu. Nimefuta swali langu la kwanza la dukani ("imara?", ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kulijibu hapana) na kuweka jingine: wangapi mtaani wanacho?

3 Agosti

Meza ya cherehani ililiwa na mchwa. Ile miguu ya chuma ni mizima. Seremala wa Keko ameweka ubao wa mtiki. Huenda umetoka shamba la Longuza, yaani Muheza hiyo hiyo.

Kazi ya kwanza: kugeuza kola. Shati la mume wangu lilikuwa zima isipokuwa kola iliyosagika kwa ndevu. Unafumua, unaigeuza upande wa ndani uje nje, unaishona tena. Bibi alifanya hivyo kila Desemba kwa mashati ya babu. Mimi nimeishona juu chini, ncha zinatazama masikio. Imefumuliwa. Jaribio la pili limekubalika kazini kwake, asema hakuna aliyegundua. Anayetazama kola ya mhasibu ni nani hata hivyo?

Mabegi mawili ya stoo: yote zipu. Yamerudi shule.

31 Agosti

Simu yangu ilianza kufunguka mgongo, betri imevimba. Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kijana akaipasha moto mfuniko ulegee gundi, akaing'oa betri kwa kadi ya plastiki huku akiomba isitoboke, maana betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kushika moto. Kazi ya nusu saa, ambayo kwenye simu ya kitochi ni ya kucha moja na sekunde tano.

"Dada, nikuwekee orijino au kopi?"

"Orijino utaijuaje?"

Akacheka. Tukapatana kopi bora, na niirudishe ikisumbua ndani ya mwezi.

Betri za simu nyingi huanza kuchoka baada ya kuchajiwa kikamilifu mara mia tano hivi, iwe simu ya laki mbili au ya milioni mbili. Kuziba kwa gundi kitu ambacho mtengenezaji anajua kitachoka ni kuandika tarehe ya kifo. Umoja wa Ulaya umetunga sheria ya betri mwaka 2023 inayotaka kuanzia Februari 2027 mtumiaji aweze kutoa betri ya kifaa chake mwenyewe. Simu za kule huja kwetu zikishatumika, kwa hiyo baraka hiyo tutaipata kwa mtumba.

Kobalti iliyomo kwenye betri za namna hii sehemu kubwa inachimbwa Kongo, Kolwezi na jirani zake, na watu wanaochimba wanazungumza Kiswahili. Ingekuwa mbali zaidi ningeisahau kwa urahisi.

12 Oktoba

Mama mkwe amehamia kwetu kutoka Magomeni, na friza yake imekuja naye. Shemeji yake aliyekuwa akifanya kazi Muscat aliileta, kibati cha nyuma kinasema 1991. Haijawahi kufunguliwa na fundi. Kwa kanuni zote za daftari hili ningepaswa kupiga goti.

Nimeipima. Usiku tatu mfululizo nilizima kila kitu kingine, nikasoma salio la mita ya LUKU saa nne usiku na saa kumi na mbili alfajiri. Wastani yuniti 1.6 kwa saa nane. Kwa mwezi ni yuniti 144. Jirani ana friza ndogo ya miaka miwili, kwa kipimo kile kile yuniti 0.4.

Na ndani kuna nini? Mfuko wa samaki na barafu la kujifungia lenyewe.

19 Oktoba

Kuongea na mama kulikuwa kugumu kuliko cherehani.

"Mwanangu, hii imesomesha watoto wanne. Barafu za ukwaju, shilingi kumi kumi. Mumeo amekula ada kutoka humu."

Sikuwa na hesabu ya kujibu hilo. Nikamwonyesha tu karatasi za LUKU, akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari. Alikuwa mfanyabiashara kabla yangu. "Kumbe siku hizi inakula yenyewe," akasema, akaenda kulala. Asubuhi samaki walikuwa kwenye friji yetu ndogo na friza imechomolewa.

9 Novemba

Fundi friji amekuja kununua kompresa. Alishika mkasi wa bomba tayari kukata.

"Gesi itakwenda wapi?"

"Inapanda juu tu, dada. Haina harufu."

Kibati kinasema R12, gramu 180. Hiyo ni moja ya gesi zilizotoboa tabaka la ozoni, zilizowekewa mkataba wa Montreal mwaka 1987. Na gramu kwa gramu inapasha dunia joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa ukaa. Nikamuuliza kama ana mtungi wa kuikusanyia. Hana. Amenipa namba za wenzake watatu, nimewapigia wote, hawana. Kila mmoja alinieleza kwa upole kwamba kata tu, kila mtu anakata.

Kwa hiyo miaka thelathini na ushee ya uimara imeniachia kitu nisichoweza kukitumia, kukiuza wala kukitupa. Fundi kaondoka bila kompresa na bila nauli, nimempa chai.

14 Desemba

Friza iko ukumbini, ukutani, mfuniko juu. Komeo nimeling'oa watoto wasije wakajifungia. Mpira wa mfuniko bado unabana, panya hawaingii, fukusi hawajaonekana. Mama ametia humo gunia la mchele wa Kyela na kuandika kwa chaki ubavuni kila debe linalotoka. Nyuma, kwenye bomba ambalo halijakatwa, gramu 180 bado zimo. Nimebandika karatasi pale: *usikate*.